Na pembe je?

Mzee, fundi wa mashine ya kukatia karatasi, aliichukua karatasi yangu, akaisogeza kwenye taa iliyo juu ya mashine, akaisoma mstari kwa mstari bila haraka. Zamu ya mchana ilikuwa inaingia na kelele zimepungua kidogo. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akanirudishia, akauliza: "Na pembe je, mwanangu?"

Sikumwelewa. Ilikuwa siku yangu ya kumi na moja katika kiwanda cha maboksi hapa Dar es Salaam, na karatasi ile, mpango wa kukata roli, ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Nilikuwa nimeshamwonyesha meneja wa uzalishaji, naye akaikazia macho namba ya mwisho: katika kila roli 50 za karatasi, 10 zinaokolewa. Kwa kiwanda ambacho fedha nyingi huishia kwenye karatasi, namba hiyo inatosha kumnyima mtu usingizi.

Naieleza hesabu yenyewe, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kusema kuhusu fani hii ya kutumia hisabati viwandani. Karatasi huingia kiwandani ikiwa imeviringishwa kwenye roli nzito linalobebwa na foklifti. Roli zetu zilikuwa na upana wa sentimita 240. Mashine ina visu vya duara vinavyosogezwa kushoto na kulia. Roli linafunguka upande mmoja, linapita kwenye visu, linaviringishwa tena upande wa pili likiwa limegawanyika vipande. Wiki ile kulikuwa na oda za upana wa aina tatu, sentimita 105, 80 na 55, vipande 40 vya kila aina. Mazoea yalikuwa kukata oda moja moja. Visu vikiwekwa kwa 105 unapata vipande viwili kwa roli, kwa hiyo oda ile inakula roli 20. Oda ya 80 nayo ilikatwa viwili viwili, roli 20 nyingine. Ya 55 ilitoa vinne vinne, roli 10. Jumla 50.

Mimi nikaona kitu kilichonirusha moyo. 105 jumlisha 80 jumlisha 55 ni 240 kamili. Panga visu mara moja tu, kata roli 40, oda zote tatu zimekwisha na hakuna hata ukanda mmoja unaokwenda kwenye taka.

Mzee aliniongoza hadi kwenye roli lililokuwa linasubiri zamu yake, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Karatasi ilikuwa imechakaa pale, imepondwa na kamba za kubebea, sehemu nyingine imevimba kwa unyevu wa safari. Hiyo ndiyo pembe. Kabla ya kukata chochote, visu viwili vya nje huondoa sentimita 2 kila upande, la sivyo karatasi inachanika katikati ya kazi na mashine nzima inasimama. Roli la 240 kwake yeye, na kwa kila aliyewahi kushika mashine ile, ni roli la 236. Mpango wangu usio na taka haukuwa mpango mzuri unaohitaji marekebisho. Ulikuwa haukatiki kabisa.

Kinachoniuma hadi leo si kwamba sikujua habari za pembe. Ningejulia wapi? Kinachoniuma ni kwamba dalili ilikuwa mezani kwangu siku zote zile. Kumbukumbu za kiwanda zilionyesha kuwa oda ya 80 inakatwa viwili viwili, na mtoto wa darasa la nne anajua 80 mara tatu ni 240. Niliuona ule mstari. Nikaamua moyoni kwamba ni uzembe wa watu wa zamu ambao hawakusoma. Sikujiuliza kwa nini watu wanaokata karatasi kila siku ya Mungu wangeacha kipande kizima kiende bure.

Na si kwamba nilikuwa sijafundishwa. Nilikuwa nimepita mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, nikasoma shahada ya kwanza ya hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu nikapata nafasi ya shahada ya uzamili Lappeenranta, kusini mashariki mwa Ufini, ambako fani hii waliiita teknomatematika. Shahada ya kwanza ilinipa misuli. Tulithibitisha nadharia usiku kucha, tukapeana madesa, tukaogopa sapu, ile mitihani ya marudio, na nilipotoka nilikuwa naweza kutatua karibu kila swali nililopewa. Neno la kuangalia ni hilo, nililopewa. Kwa miaka yote ile mtu mwingine ndiye aliyekuwa ameamua swali ni lipi, namba zipi ziingie na zipi zibaki nje, kisha mimi nikaletewa tonge lililokwisha kutengenezwa.

Lappeenranta ni mji wa karatasi. Uko kando ya ziwa Saimaa, ziwa kubwa kuliko yote ya Ufini, na kiwanda cha Kaukas kiko ufukweni hapo hapo. Majira ya baridi ziwa linaganda, watu wanatembea juu yake, na katikati ya Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa sita. Katika giza lile ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na swali lisilo na namba. Tulikaa kikundi cha watu watano kutoka nchi tofauti tukapewa nusu ukurasa: mbao zinakaushwa kwenye tanuri, zikikaushwa haraka zinapasuka, zikikaushwa polepole umeme unaliwa bure, tusaidieni. Hakuna kilichokuwa kimeandikwa zaidi ya hapo. Tuliwauliza unyevu unapimwaje, wakasema inategemea. Tukauliza mbao zina unene gani, wakasema inategemea.

Siku mbili za kwanza hatukuandika mlinganyo wowote, na mimi niliona tunapoteza muda. Mwalimu wetu alitulazimisha kuandika orodha ya kila tunachodhani: kwamba ubao una unyevu sawa kila mahali unapoingia, kwamba hewa ya tanuri haina joto tofauti juu na chini, kwamba maji yanatoka kuelekea pande mbili tu. Kila mstari wa orodha ulitakiwa uwe na jina la mtu wa kwenda kumuuliza. Mlinganyo ulipokuja hatimaye, ulikuwa ule ule wa usambaaji wa joto niliousoma mwaka wa pili Dar es Salaam. Sehemu hiyo ilituchukua alasiri moja.

Ulaya wana utamaduni mrefu wa jambo hili. Tangu mwaka 1968 huko Oxford, wanahisabati walianza kukaa wiki moja na watu wa viwanda, viwanda vikaleta matatizo na wao wakaleta kalamu. Mwaka 1986 vyuo vya nchi mbalimbali viliunda umoja wao, ECMI, wa kufundisha wanafunzi kwa namna hiyo. Mimi nilinufaika na mfumo huo, nikaukubali, nikaandika orodha za dhana mpaka nikazizoea. Kisha nikarudi nyumbani, karani akanipa namba 240, na sikuiandika kwenye orodha yoyote. Haikunijia kabisa kwamba ni dhana. Ilikuwa imechapwa kwenye hati ya kupokelea mzigo, ina muhuri.

Baada ya mzee kunionyesha pembe, niliomba ruhusa kwa meneja, nikamweleza wazi kwamba namba niliyompa si sahihi. Huo ulikuwa muda mgumu. Kisha nikakaa kando ya mashine zamu mbili mfululizo, nikiuliza. Nikagundua kwamba visu vikihamishwa mashine inasimama karibu nusu saa. Nikagundua pia kwa nini oda zinakatwa moja moja: kila oda inashuka kutoka ofisini na fomu yake, na fundi anakata alichoandikiwa kwenye fomu. "Hizi za 80 zinakaa vizuri na 55," mzee aliniambia. "Nimeshasema. Lakini fomu ni mbili, wateja wawili, nitajaza wapi?"

Basi nikarudia hesabu kwa 236. Msomaji aliyefika kidato cha nne anaikumbuka ile mada ya linia programingi: unachora mistari, unapaka kivuli eneo linaloruhusiwa, unaangalia kwenye kona. Hii ni ndugu yake mkubwa. Roli 20 zikatwe 80, 80 na 55. Roli 10 zikatwe 105, 55 na 55. Roli 15 zikatwe 105 na 105. Hesabu utaona kila aina inatoa vipande 40, na roli zilizotumika ni 45. Visu vinapangwa namna tatu, sawa na mwanzo, kwa hiyo mashine haisimami zaidi ya ilivyozoea.

Je, ingewezekana 44? Hapa ndipo hisabati inapokupa kitu ambacho uzoefu peke yake hauwezi kukupa, na mimi huwa nasisimka kila ninapokieleza. Kipe kila kipande bei: cha 105 nusu ya roli, cha 80 ni 3/8 ya roli, cha 55 robo. Jaribu kupanga vipande vyovyote ndani ya sentimita 236 na utaona thamani yake haizidi roli moja, hata ufanyeje. Sasa thamani ya oda zote: nusu, 3/8 na robo ni 1.125, zidisha kwa 40, ni 45 kamili. Kwa hiyo hayupo binadamu wala kompyuta atakayezimaliza oda zile kwa roli 44. Mzee alipoielewa hiyo alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hapa ndiyo mwisho." Ndiyo, mzee. Hapa ndiyo mwisho.

Tuliokoa roli 5 badala ya 10. Fomu ya ofisini ikabadilishwa ili oda za siku moja zishuke pamoja.

Mbinu hii haikuanzia kwenye vitabu vya chuo. Mwaka 1938, mwanahisabati Leonid Kantorovich wa Leningrad alifuatwa na watu wa viwanda vya plaiwudi waliotaka kujua wagawanyeje kazi kati ya mashine zao, na kutokana na swali hilo akachapisha mwaka 1939 kijitabu ambamo tatizo la kukata malighafi bila kupoteza lilikuwemo. Mwaka 1975 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Mji wake, unaoitwa St Petersburg siku hizi, uko ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Lappeenranta. Mwaka 1961 Paul Gilmore na Ralph Gomory wa IBM walionyesha namna ya kulimaliza tatizo la kukata hata pale mipangilio ya visu inapokuwa mingi kiasi cha kutoweza kuorodheshwa. Kwenye oda tatu unaweza kutumia kalamu. Kwenye oda 30 unawahitaji hao wawili.

Vijana wengi huniuliza kuhusu ajira, na wana haki ya kuuliza, maana bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, linaisha na nyumbani wanasubiri. Niseme ukweli wangu. Niliporudi nilikaa mwaka mzima bila kazi. Nilikuwa natafuta tangazo lililoandikwa "mwanahisabati", na matangazo ya namna hiyo ni ya kuhesabu kwa vidole, mengi ya ualimu. Kwenye usaili mmoja niliulizwa, "Kwa hiyo wewe ni mwalimu?" Ualimu ni kazi ninayoiheshimu sana, walionifikisha hapa ni walimu, ila sikuwa nimekwenda pale kufundisha. Nafasi niliyoipata hatimaye ilitangazwa kama ofisa mipango wa uzalishaji. Hakuna popote palipotajwa hisabati. Niliiomba kwa sababu maelezo ya kazi yalisema "kupunguza upotevu wa malighafi", na mimi nikasoma hapo tatizo la Kantorovich.

Ndivyo ilivyo kwa karibu wote niliosoma nao. Wako benki, wako bima, wako kampuni za simu, wako kwenye dawa na usafirishaji, na vyeo vyao havifanani na shahada zao. Tukikutana tunaongea lugha moja hata hivyo, na nimezoea kumuuliza kila mmoja swali la mzee: kwako pembe ni ipi?

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi kwenye kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu, na kazi yake ni kusema wahudumu wangapi wakae zamu ipi. Hesabu anayotumia asili yake ni Agner Krarup Erlang, aliyekuwa kampuni ya simu ya Copenhagen na akachapisha kazi yake ya kwanza ya foleni za simu mwaka 1909. Msingi wake ni kwamba watu wanapiga kila mmoja kwa wakati wake, bila kujuana. Jambo hilo ni kweli siku nyingi za mwaka. Mtandao wa fedha ukikatika jioni ya mwisho wa mwezi, watu wote wanapiga kwa pamoja na kwa sababu moja, na jedwali la Erlang linakuwa karatasi tu. Pembe yake ni hiyo.

Mwingine yuko benki, anatengeneza modeli za kukadiria nani atarejesha mkopo. Data yake ni ya watu waliopewa mikopo. Wale walionyimwa hawamo, kwa sababu hakuna anayejua wangelipa au wasingelipa. Modeli inajifunza kwa waliochaguliwa, kisha inatumika kuwachagua wapya. Ananiambia anatumia muda mwingi kuwafikiria wasiokuwemo kuliko waliomo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa dada mmoja anayekadiria mahitaji ya dawa za vituo vya afya. Kumbukumbu zikionyesha kituo hakikutumia hata kidonge kimoja cha dawa fulani kwa miezi miwili, kompyuta inasoma kwamba dawa haihitajiki, na inapendekeza ipelekwe kidogo. Lakini mara nyingine sifuri ile maana yake ni kwamba dawa ilikuwa imekwisha na wagonjwa walirudi nyumbani mikono mitupu. Kwenye faili sifuri hizo mbili zinafanana. Kuzitofautisha inabidi upige simu, uongee na nesi, umuulize rafu ilikuwaje. Anazipiga simu hizo mwenyewe, na mimi namwona ni miongoni mwa wanahisabati bora ninaowajua.

Viwandani kwenyewe mambo haya ni ya zamani. William Gosset aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, akakuta sampuli za shayiri anazopata ni chache mno kwa takwimu za wakati ule. Akatafuta njia ya kuamini sampuli ndogo, akaichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, kwa kuwa mwajiri hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Kila anayefanya leo jaribio la t, yaani njia hiyo ya kupima sampuli ndogo, awe daktari wa mifugo au mtafiti wa mbegu, anatumia kitu kilichotokana na shida ya kiwandani.

Ukiniuliza nijifunze nini nikiwa chuoni, nitakwambia takwimu usiikimbie, hata kama unaipenda aljebra zaidi. Jifunze kuandika programu mpaka ikuzoee. Mimi natumia Python kila siku, na Excel kila saa, maana hiyo ndiyo lugha ya ofisi. Jifunze kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka na meneja asiyependa hesabu. Na fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, uichukulie kwa uzito. Wenzangu wengi waliitumia kupiga fotokopi na kusubiri kugongewa muhuri, nami kwa kiasi fulani vivyo hivyo, na nasikitika kwa wiki zile, kwa sababu ndizo pekee ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza kila kitu bila mtu kumshangaa.

Mzee alistaafu miaka mitatu iliyopita. Kabla hajaondoka nilimpelekea programu ya kompyuta tunayotumia sasa kupanga visu, nikamwonyesha mahali palipoandikwa "pembe: 2 + 2". Neno hilo nililiacha kama alivyolitamka. Aliliangalia muda mrefu, akaniambia, "Haya, mwanangu, ukae nayo salama."

Wanafunzi wa fildi wakija kwangu sasa, nawapa hati ya kupokelea mzigo yenye upana wa 240 na oda za siku hiyo, nawaambia waniletee mpango kufikia jioni. Siwaambii zaidi. Mlango wa kushukia kwenye mashine uko wazi na mafundi wanajua kwamba wakiulizwa wajibu. Wengi wanabaki mezani na kompyuta, wananiletea mpango mzuri usiokatika, tunashuka pamoja nawaonyesha ukingo wa roli. Wachache hushuka wenyewe na kurudi na 236.

Mwaka huu binti mmoja alirudi na 234. Nilimwambia akapime tena. Akaenda, akarudi na fundi wa zamu, wakaniambia mzigo wa msambazaji mpya unafika na ukingo mmoja ulioliwa zaidi, na mafundi wameshaanza kukata 4 upande ule tangu wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwa nimeshuka kuuliza. Nilichukua futi, tukashuka wote watatu.